Eda ya Saad

Kwa kauli ya Bi Nuria, ambaye nyumba yake na ya fundi Darweshi zilichangia ukuta mmoja, jini lile lilikuwa la Kizungu. Alilisikia adhuhuri, alisema, akiwa ameinama anachambua mchele. Kwanza sauti ya Saad, mwana wa fundi, iliuliza jambo kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayeogopa. Halafu sauti ya pili ikajibu, nzito, ya kejeli, nayo kwa Kiingereza. Saad akakataa. Sauti ile ikamcheka. Ungo ukamponyoka Bi Nuria, na mchele mwingine mpaka leo umo katika nyufa za sakafu. Asiyeamini na aje aokote.

"Na humo chumbani yumo peke yake," alisema, akisogeza debe lake chini ya bomba la mtaa. "Kijana wa kiume amekalishwa eda na hakufiwa na mume. Mlitaka amwingilie nani, kama si jini?"

Wanawake waliopanga foleni ya maji waliangua kicheko, kisha wakakikata ghafla walipomwona Mastura, dada yake Saad, amesimama nyuma yao na debe lake kichwani. Mastura hakucheka wala hakununa. Tangu utotoni alikuwa na tabia ya kusikiliza jambo mpaka mwisho, hata la kipuuzi, kama mtu anayetafuna muwa mpaka yabaki makapi.

"Usinikasirikie, mwanangu," Bi Nuria alisema. "Mimi nasema nililosikia."

"Sijakasirika, Bi Nuria. Hiyo sauti ya pili ilicheka vipi?"

"Makubwa! Mtoto ananiuliza jini hucheka vipi! Ilicheka kwa puani. Hmh. Kama mtu aliyeujua uongo wako kabla hujausema."

Mastura alijaza debe lake akarudi nyumbani. Bondeni ni mtaa mdogo. Kabla maji hayajatulia ndani ya pipa, habari ya jini ilikwisha kumfikia mama yake.

Saad alikuwa kijana wa kwanza wa mtaa ule kupanda gari la moshi kwenda chuo kikuu, kule Makerere. Mwaka wa kwanza alirudi akapokewa kama haji. Mwaka huu alirudi kimya, na usiku wa kwanza akawaambia: ameanguka somo la jiografia. Chuo kikifunguliwa atarudia mtihani. Akianguka tena, nafasi yake atapewa mwingine, na yeye atarudi Nakuru kukata vitambaa.

Bi Khamisa, mama yake, hakuwa ameona chuo kikuu hata kwa picha. Lakini alijua kitu cha thamani hufanywa nini kisipatwe na jicho. Bibi harusi huwekwa ndani. Mjane hukaa ndani. Kwa nini mwanachuoni azurure? Basi alimtoa Mastura katika chumba chenye dirisha, akamhamishia stoo kwenye magunia ya mkaa, akamwingiza Saad. Akatundika pazia zito mlangoni. Chakula kikapitishwa chini ya pazia. Wageni wakaambiwa hatoki. Jogoo alichinjwa kwa kosa la kuwika. Bi Khamisa mwenyewe akaenda kwa Bi Nuria kumsihi ngoma za harusi ya mpwa wake zikapigwe mtaa mwingine, na zikapigwa mtaa mwingine. Bi Nuria alikubali kwa mdomo, na moyo wake tangu siku hiyo haukuwa mweupe.

Mwisho, cherehani ikaondolewa barazani. Kwa miaka yote ya Mastura cherehani ile ilikuwa pale, na sauti yake alikuwa haisikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi zake. Ilipobebwa kwenda kuwekwa kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja karibu na soko, ndipo alipoisikia.

* * *

"Ubani," Bi Khamisa alisema siku ile ya habari za jini. "Lete chetezo. Na keshokutwa nitamwita sheikh amsomee."

"Mama, huenda alikuwa akijisomea kwa sauti tu."

"Kwa sauti mbili?"

Moshi ulipitishwa chini ya pazia. Ndani, Saad alikohoa mpaka akagonga ukuta. Bi Khamisa alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Unamwona? Linatoka."

Ni katika moshi huo hodi ilipobishwa. Mlangoni alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limegeuka rangi ya vumbi, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo isishikwe na cheni ya baiskeli.

"Hodi mama. Salaam aleikum," alisema, akijaribu. "Mimi naitwa Hiram. Nimetoka Rongai. Mimi na Saad tunasoma pamoja kule Makerere. Naomba kumwona kidogo tu."

Bi Khamisa alimtazama viatu, akamtazama vile vibanio. "Hatoki. Mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini, mama?"

"Mgonjwa. Haonwi na watu."

"Basi mwambie tu Hiram alikuja. Mimi nimeomba ruhusa kwa bwana mwenye shamba, si rahisi kupata ingine." Alipiga mfuko wa shati, pale kilipokuwa kile kitabu cha ruhusa ambacho Wakikuyu wa miaka ile hawakuthubutu kutembea bila kuwa nacho. "Nitangoja hata hapa nje."

"Hapa nje ni nje ya nyumba yangu pia."

Kijana aliinamisha kichwa. Alipogeuza baiskeli, mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia, alicheka kidogo, si kwa furaha. Kicheko kifupi, cha puani. Hmh.

Mastura, aliyekuwa na chetezo mkononi ukumbini, alisimama pale pale mpaka kaa likazimika.

* * *

Bi Khamisa alipotoka kwenda kutafuta sheikh, Mastura alikaa chini nje ya pazia.

"Saad."

"Nasoma."

"Husomi. Kipande cha chaki ulichoweka kitabuni hakijasogea tangu Ijumaa."

"Umekuwa askari kanzu?"

"Mimi ndiye ninayefagia." Akasogea karibu na pazia. "Jini lako lilikuja leo. Mama amelifukuza."

"Jini gani tena?"

"Refu. Lina baiskeli. Linacheka kwa puani."

Pazia lilivutwa. Mastura alishtuka kumwona kaka yake katika mwanga: macho yameingia ndani, nywele zimesimama upande mmoja. "Hiram alikuja? Hapa?"

"Na amekwenda zake. Kaa, hutamwahi. Niambie kwanza, huko chuoni husomaje?"

Saad alikaa chini kizingitini, yeye upande wake na Mastura upande wake, kama walivyokuwa wakikaa utotoni kucheza mdako. Alisema maktaba kule ina kimya kikubwa, hiyo ni kweli. Lakini mtu huingia mle na swali na kutoka nalo nje, akampige nalo mwenzake. Yeye na Hiram walishuka kilima cha chuo wakibishana na kukipanda wakibishana. "Hiram haniamini hata nikisema leo Jumanne. Hunidai ushahidi. Nikishindwa, hucheka hivyo. Basi narudi kuutafuta, naupata, naushika. Muhula niliofeli Hiram hakuwapo. Walimzuia kwa mambo ya vibali, akaja umebaki mwezi. Nilisoma peke yangu. Vitabu vilevile, meza ileile."

"Na humu ndani?"

"Humu nimejaribu kujibishana mwenyewe. Nauliza kwa sauti yangu, najibu kwa yake." Alicheka kwa aibu. "Lakini Hiram wangu wa kutengeneza hajui zaidi ya ninayoyajua mimi."

"Mbona hukumwambia mama?"

Saad alitazama pazia, jinsi lilivyoshonwa pindo kwa mkono, mshono mdogo mdogo. "Amechinja jogoo wake kwa ajili yangu, Mastura. Utamwambia nini mtu aliyechinja jogoo wake?"

* * *

Mastura alimkuta baba yake akifagia.

Mzee Darweshi alikuwa fundi wa kuheshimiwa. Makoti ya makarani nusu ya Nakuru yalipita mikononi mwake. Na kila mtu alijua ada yake: mteja akimuuliza nguo itakuwa tayari lini, Darweshi hakusema uongo wala kweli, alichukua pini, akazitia katikati ya midomo, na mtu mwenye pini mdomoni haulizwi mara ya pili. Sasa alikuwa ameinama kwenye veranda ya duka la watu, ufagio mkononi, akisukuma maganda ya njugu yaliyotupwa na wanunuzi wa duka. Alipomwona binti yake aliuegemeza ufagio ukutani upesi, kama si wake.

"Unafanya nini, Baba?"

"Mwenye duka hataki kodi. Anataka usafi tu. Si kazi kubwa." Akakaa kwenye cherehani, iliyowekwa pembeni karibu na mfereji, mahali mvua ikinyesha nguo hurukiwa na matope.

Karani mmoja alipita, akarudi nyuma. "Ala! Fundi Darweshi! Nilifikiri umekufa, mzee. Nimeenda kwako nikakuta baraza tupu, nikampelekea fundi Thuo suti yangu."

"Sijafa," Darweshi alisema. "Nimehama."

Karani alipokwisha kwenda, Mastura alimweleza yote: sauti mbili, Hiram, chaki isiyosogea. Alieleza polepole, bila kumlaumu mama yake. Darweshi aliinamia mshono. Pini zilikuwa mdomoni na zikabaki mdomoni, na Mastura akadhani hilo ndilo jibu lake.

Kisha mzee alizitoa, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini.

"Nilipojifunza ufundi," alisema, "tulikuwa vijana sita meza moja. Nikikosea, watano wananicheka. Sikumbuki aliyonifundisha bwana fundi. Nakumbuka vicheko." Akasimama, akaushika ufagio, akaurudisha ndani ya duka kwa mwenyewe. "Cherehani inarudi nyumbani leo. Na huyo kijana wa Rongai, mama yako ndiye aliyemfukuza. Mama yako ndiye atakayemrudisha."

* * *

Bi Khamisa alipoelezwa hakulia, maana hakuwa mtu wa kulia. Alitandua pazia, akalikunja, akakaa nalo mapajani jioni nzima. "Nilitaka kumhifadhi," alisema mara moja tu, na ilikuwa kweli.

Mama yake Hiram aliitwa Wariara, na siku ya soko alikuja mjini na lori la shamba kuuza kabeji. Mastura alifuatana na mama yake. Bi Khamisa alivaa buibui lake jipya, kisha akalivua akavaa la kila siku. Wariara alikuwa ameketi juu ya gunia, akizipunguzia kabeji majani mabovu kwa kisu. Alimwacha Bi Khamisa amsalimu mara mbili.

"Wewe ndio mama Saad," alisema mwishowe. "Kijana wako amepona? Nilisikia ana ugonjwa ya kutoonwa na watu wa shamba."

Wanawake wa kabeji walitazama chini, wapate kusikia vizuri.

"Nilikosa, mama Hiram," Bi Khamisa alisema.

"Ruhusa hawaokoti njiani. Bwana shamba alimpa siku moja. Ameendesha baiskeli kutoka Rongai mpaka hapa, na hiyo siku yake wewe ukaila mlangoni."

"Nilikosa. Nimekuja kukuambia hapa, mbele ya watu, kwa sababu nilimfukuza mbele ya watu."

Wariara alikata jani lingine. Alitazama mikono ya Bi Khamisa, iliyoshika kingo za buibui kama ya msichana anayengoja kuadhibiwa.

"Huyu wangu pia, nyumbani hana mtu wa kuongea naye," alisema, sauti imeshuka. "Anaongea na ng'ombe. Ng'ombe wanamkubalia kila kitu." Akampa Bi Khamisa kabeji, kubwa, akakataa pesa. "Hii si yako. Mpikie yeye akija. Nitamwambia aombe kwa bwana tena. Akikataliwa, mimi sina lingine."

Hakukataliwa. Bwana shamba alimruhusu, ila kwa sharti alale Nakuru kwa mtu anayejulikana. Na Mzee Darweshi akaenda mwenyewe kusema kwamba mtu huyo ni yeye.

* * *

Baraza likarudi kuwa baraza. Cherehani upande mmoja, meza ya kukatia vitambaa upande wa pili, na kwenye meza hiyo Saad na Hiram na vitabu vyao, wakipewa nusu ya ubao na kuiba robo nyingine. Chaki za fundi zilichora milima. Wapita njia walisimama. Bi Nuria alileta kigoda chake akakaa kabisa.

"Ushahidi," Hiram alisema. "Umesema hili bonde letu la ufa halikuchimbwa na mto. Ushahidi wako uko wapi?"

"Nchi ilivutwa, huku na huku. Katikati ikadidimia."

"Hmh."

"Usinicheke! Ngoja." Saad alinyakua majora matatu ya kitambaa, akayasimamisha yamebanana, la katikati limeinuliwa juu ya meza kwa kubanwa tu na wenzake. "Hii Mau. Hii Aberdare. Vuta upande wako."

Walivuta. Jora la katikati lilianguka kwa kishindo.

"Khaki ya askari hiyo!" Darweshi alipiga kelele bila kuacha kukanyaga cherehani. "Likichafuka mtakwenda nyie kumweleza inspekta habari ya Mau!"

"Na tuko wapi sisi?" Bi Nuria aliuliza.

"Sisi tuko juu ya lililoanguka, Bi Nuria."

"Ndiyo maana," alisema Bi Nuria, akitazama mtaa wote.

Mastura alikuwa akitia vifungo kwenye koti karibu na mlango. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Skuli ya wasichana ya mtaa iliishia hapo, na alipoimaliza hakuna aliyesema lolote, si la kuendelea wala la kuacha. Siku za kwanza alisikiliza tu. Siku hii alikata uzi kwa meno akasema, "Nina swali."

Wote walimgeukia, hata cherehani ilisita.

"Kama ziwa letu na la Naivasha yote yamo humo kwenye lililoanguka, mbona letu ni magadi na lile watu wanakunywa?"

Hiram alimtazama Saad. Saad alimtazama Hiram. Kikapita kimya, lakini hiki hakikuwa kile kimya cha nyuma ya pazia. Hiki kilikuwa na watu ndani yake, wote wanangoja kitu kimoja.

"Subiri," Saad alisema. "Mito inaingia ziwa letu. Maji yanatoka kwa njia gani?"

"Hayatoki," Hiram alisema. "Yanakaushwa na jua. Chumvi inabaki. Kama sufuria iliyosahauliwa motoni."

"Basi na Naivasha ina sufuria yenye tundu! Maji yanavuja chini kwa chini." Saad alikwisha simama. "Mastura, uliza lingine."

Akauliza lingine. Na kesho yake, jingine. Ikawa hawafungui kitabu kabla Mastura hajaleta koti lake la kutia vifungo, na siku alipochelewa jikoni Hiram alikwenda kupiga hodi: "Mama, naomba utukopeshe Mastura, tumekwama." Alipokuwa akingoja amimine chai, alimwambia Mastura kwamba kuna mwalimu, Rahab, anafundisha wasichana wakubwa mchana katika jumba la mikutano la mtaa, mpaka mtihani wa darasa la nane. "Wa dini zote. Ungemshinda huyu kaka yako, na mimi ningepumzika." Mastura alicheka akatoka na chai. Lakini lile jina alilishika.

Bi Khamisa aliyasikiliza yote kutoka ukumbini. Siku moja alitoka na sinia la mahamri, akaliweka katikati ya Mau na Aberdare. "Kelele zote hizi," alisema, "ndizo chuo kikuu?"

"Ndizo, Mama," Saad alisema, mdomo umejaa.

"Basi nimemchinja jogoo bure."

* * *

Saad na Hiram walipanda gari la moshi pamoja. Mtaa ulingoja. Kisha alasiri moja mtu wa posta alileta simu ya maandishi, na Mastura ndiye aliyeisoma pale barazani, maana ndiye pekee aliyekuwa nyumbani ajuaye kusoma herufi zile: amepita.

Bi Nuria alipiga vigelegele vilivyovuka reli. Kabla ya magharibi alikuwa akieleza bombani jinsi yeye, kwa masikio yake, alivyokuwa wa kwanza kugundua kwamba kijana anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Bi Khamisa aligawa halua. Watu walimpa Mzee Darweshi mkono hata akashindwa kushona, naye akawa anasema kila mara, "Ni Mungu, ni Mungu," huku akifuta miwani.

Watu walipopungua, Bi Khamisa alianza kusema habari za chumba. Kinaweza kupangishwa sasa. Karani mmoja wa reli amekiulizia. Mastura ataendelea kulala stoo, si amezoea?

Bi Khamisa alipokwenda kulirudisha sinia la jirani, Mastura alikuja akasimama karibu na cherehani. Upepo ulikuwa ukileta vumbi jeupe la ziwani, ukiliweka juu ya meza, mahali milima ya chaki ilipokuwa bado haijafutika.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nafurahi Saad amepita."

"Wewe pia una sehemu yako. Najua."

Mastura aliusogeza mkono wake kwenye ubao, akafuta vumbi, akauweka mkono pale pale. Alikuwa amelipanga jambo hili siku nyingi, na sasa lilipofika mdomoni lilikuwa fupi kuliko alivyodhani.

"Nataka kwenda kwa mwalimu Rahab. Nirudi kusoma, mpaka darasa la nane. Na nusu hii ya meza ibaki yangu, hapa hapa, mbele ya watu. Chumba apewe huyo karani. Utaniruhusu, Baba?"

Mzee Darweshi alimtazama. Alimtazama kwa muda, kwa macho ya mtu aliyeulizwa na aliyesikia. Ndani, Bi Khamisa alisikika akirudi, akicheka na mtu mlangoni. Mzee alivuta koti lililokuwa magotini, akalinyoosha bega, akanyoosha mkono kwenye kijimto chake, akachukua pini, akaitia katikati ya midomo. Kisha ya pili.

Mastura hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa upande wake wa meza.